Sahihi

Fomu ililala mezani tangu Jumatatu,
juu yake kisahani cha chumvi, upepo usiibebe.
Visanduku viwili, kila kimoja mdomo wazi:
shule ya upili ya bweni, kule mlimani,
au chuo cha ufundi, hapa hapa Luanda,
ng'ambo ya reli, nyuma ya wauza omena.
Mwalimu kasema mwisho Ijumaa. Kasema penseli kwanza,
maana wazazi hubadilika kama mvua ya Aprili.

Mimi ni mtu wa chuma.
Nusu ya milango ya soko hili imepita mikononi mwangu,
na madirisha ya kanisa, na lango la chifu
ambalo hadi leo sijalipwa salio.
Kwa hiyo nilisema: vitabu.
Nilisema nikiwa nimefunika macho kwa vipande vya viazi vibichi,
kwa kuwa Jumatano nilichomea bila miwani
na usiku kucha mchanga ukanitambaa chini ya kope.
Mtoto wangu asije akanunua viazi kwa ajili ya macho.

Rispa akacheka kwa pua.
Yeye ndiye aliyesoma.
Digrii yake imo sandukuni, ndani ya nailoni,
chini ya shuka za wageni,
na kila Desemba huitoa, huianika kidogo, huirudisha,
kama mtu akaguaye mbegu zisije zikaingiwa na fukusi.
Miaka tisa ya barua. Tutakuarifu, tutakuarifu.
Siku hizi anashona sare za shule; anajua
kiuno cha kila mtoto wa mtaa huu kwa kumtazama tu.
Akasema: ufundi. Akasema, njaa haiulizi cheti.
Nikamwambia: na jicho je? Jicho linauliza nini?
Ugali ukapoa kati yetu.

Basi ndivyo tulivyokuwa, watu wawili,
kila mmoja akimsukumia mtoto maisha ya mwenziwe
kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuimaliza.

Andeso hakusema.
Andeso ana miaka kumi na mitano na makovu mawili ya cheche
anayomficha mamake kwa mikono mirefu ya sweta.
Mwezi uliopita kinu cha Anyanzwa kilikwama,
foleni ya ndoo za mahindi ikafika barabarani.
Akaingia chini yake, akatoka na uso wa grisi
na kipini kimoja kilichokatika.
"Ni hiki tu."
Lakini pia nimemwona, juu ya bamba langu,
akiandika kwa chaki hesabu ya paa,
pembe hii, pembe ile, mraba na kipeuo,
kisha akakata mara moja.
Mimi hukata mara tatu, halafu hutukana.
Nikamuuliza, nani kakufundisha hesabu hii? Akasema, shule.
Na kukata? Akacheka, akanielekezea kidevu.

Usiku huo stima zikapotea.
Nikamwita, nikamwambia, nisomee.
Akasoma fomu yote, hata jina la mpiga chapa pale chini,
sauti yake shwari kama anayesoma bei za dukani.
Alipofika kwenye visanduku akanyamaza kidogo,
nikasikia penseli. Au ilikuwa kalamu?
Penseli hukwaruza. Hii iliteleza.
Mamake alikuwa mlangoni na kibatari, nilisikia harufu yake;
hakusogea karibu, hakurudi nyuma.

"Baba, sahihi."
Macho yangu yaliona ukungu na mwanga unaotikisika.
Akachukua kidole changu, akakiweka juu ya mstari,
vile nilivyochukua cha kwake
siku ya kwanza, nikakiweka karibu na ukingo wa bati,
nikamwambia: hapa ndipo panapokata.

Nikaandika jina langu.
Sikumuuliza.